Breki ya Mguu wa Kushoto

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, Bushira alipanda pikipiki akiwa abiria. Alikaa nyuma ya dereva asiyemjua, mtandio ameufunga chini ya kidevu, na kila walipoikaribia kona mguu wake wa kushoto ulikandamiza chini wenyewe, kana kwamba pale palikuwa na breki.

"Dada, unaogopa?" dereva akauliza bila kugeuka. "Unanikaza mbavu na magoti."

"Endesha tu."

"Lakini minakujua. Si we njo Bushira wa Beesa? Ile mashini ya Bangereza iko wapi leo?"

Barabara ya kutoka mji wa Baraka kwenda Lweba ilikuwa na vumbi, ziwa upande mmoja na milima upande mwingine. Walipofika kwenye daraja dogo la kuingilia kijijini alifumba macho. Hakuhitaji kuangalia. Alijua kwamba ukingo wa zege ulikuwa umemeguka, na alijua ulimegukaje. Hapo ndipo Nuhu, mpenzi wake, alipoanguka wiki tatu zilizopita, juu ya pikipiki yake yeye Bushira.

Ilikuwa BSA ya mwaka 1954, silinda moja, tangi la kijani lililochubuka ubavuni. Babu yake, aliyekuwa na boti za biashara, aliinunua Kigoma kwa Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao, akaivusha ziwa imelazwa juu ya magunia ya chumvi. Watu wa Baraka hawakutaka kujisumbua na herufi tatu; waliiita Beesa, na jina likaganda. Babu alipofariki, wajomba waligawana boti na nyavu. Beesa hakuna aliyeitaka. Bushira, msichana wa miaka kumi na minane, aliisukuma hadi nyuma ya nyumba ya baba yake na akakaa nayo miezi kumi na moja mpaka ikapumua.

Mapenzi yake kwa chuma kile yaliwashinda watu kuyaelewa. Wenzake walijua majina ya waimbaji. Yeye alijua Norton, Triumph, Matchless, Ariel, Velocette, pikipiki alizoziona kwenye simu tu siku mtandao ulipokubali, na alizitaja taratibu kama mtu anayetaja shangazi zake walioolewa mbali. Spana za mafundi wa mjini hazikukamata nati za Beesa, kwa hiyo alitumia zile za babu, za inchi za kizamani. Ilidondosha oili popote iliposimama. Haikuwa na ufunguo: ilikuwa ni kujua tu kiasi gani cha petroli, kishikio kipi cha kubana, na teke lipigwe saa ngapi. Ikikubali, ilitoa mdundo mmoja mmoja, mzito, usio na haraka, na Bushira aliusikia ule mdundo tumboni kabla ya masikioni.

Zaidi ya yote, Beesa ilikuwa kinyume. Pikipiki za Kichina zilizojaa Baraka zina breki mguu wa kulia. Beesa breki yake iko kushoto, na kulia ni gia.

Nuhu alikuwa fundi wa mashua kutoka Lweba. Alikuja kuziba boti ya Mzee Useni, baba yake Bushira, akasikia mdundo ule ukitoka nyuma ya nyumba, akaweka nyundo chini. Alimkuta msichana ana oili hadi kwenye kiwiko. Hakucheka, wala hakuuliza kama baba yake anajua. Alisema tu, "Fungua tena, minataka kuona inapumua wapi." Bushira alimpenda hapo hapo, kabla hajajua jina lake.

Na siku Arlette, dada yake Nuhu, aliposhikwa na uchungu wa uzazi, habari ilimkuta Nuhu pale Baraka. Pikipiki yake alikuwa amemwazima mtu, na Bushira alikuwa sokoni. Beesa ilisimama mlangoni. Nuhu aliiwasha kwa teke la kwanza, kama alivyofundishwa. Darajani lori la mihogo likatokea mbele yake, naye akakanyaga kwa mguu wa kulia kwa nguvu zake zote. Pikipiki haikusimama. Ilipanda gia.

Arlette alijifungua salama kabla hata habari ya ajali haijafika.

*

Mama Émilienne, mama yake Nuhu, alikuwa uani akikunja vitenge na kuvipanga kwenye mfuko wa safari. Alimwona Bushira akishuka, akaendelea kukunja.

"Jambo, Mama," Bushira akasema, akiinama kidogo.

"Nani alikuita?"

"Hakuna muntu, Mama. Nilisikia boti ya baba inakuja kubeba Nuhu leo."

"Boti ya baba yako inatosha. Mi sikuomba na binti yake juu."

Mzee Useni ndiye aliyetoa boti hiyo impeleke Nuhu Kigoma, ng'ambo ya ziwa, kwenye hospitali kubwa. Aliitoa kama samahani, na asubuhi ile alimkataza binti yake kukanyaga Lweba mpaka wazee wa pande mbili waongee. Bushira alikuwa ametoka nyumbani baba yake akiwa bado msikitini.

"Unikubalie nimuone mara moja tu," akasema.

"Na ile kintu iko wapi? Umeificha nyuma ya nyumba ya bantu?"

"Iko Baraka. Tangu ile siku sijaigusa."

Mama Émilienne aliacha kukunja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mjane wa miaka mingi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kila pikipiki inapita hapa, moyo yangu inasimama," akasema. "Mi minauliza Mungu kila siku: huyu mutoto mwanamuke alitafuta nini mule? Bengine banapenda vitenge. Bengine banapenda simu. We unapenda chuma ya bazungu benye kufa."

"Ni ya babu yangu, Mama."

"Na Nuhu ni wa nani?"

Arlette, aliyekaa kwenye mkeka akinyonyesha kichanga chake, ndiye aliyemwokoa Bushira.

"Mama, acha aingie. Yaya Nuhu alishasikia sauti yake. Ukimufukuza atajaribu kusimama, atajiumiza."

Mama Émilienne alimtazama binti yake, kisha akakichukua kitenge kingine. "Boti ikifika, unatoka," akasema kwa upande, kama anayesema na mfuko.

*

Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo. Kulikuwa na harufu ya dawa, na chini ya dawa harufu nyingine ambayo Bushira hakutaka kuijua. Nuhu alilala chali, ndevu zimemwota, mguu wa kushoto umeinuliwa juu ya mto na kufunikwa shuka mpaka kwenye vidole.

"Umekonda," Nuhu akasema.

"Na we."

"Mi niko na sababu."

Walikaribia kucheka wote wawili, lakini kicheko hakikufika. Bushira alikaa kwenye kigoda, akaogopa hata kumshika mkono.

"Beesa iko namna gani?"

"Usiniulize Beesa."

"Minauliza. Muntu anaangalia dari wiki tatu, hata habari moja hamumupe?"

"Sukani ilipinda. Taa ilipasuka." Akasita. "Injini haikuumia hata kidogo."

Nuhu alitabasamu, na tabasamu lile lilimuuma Bushira kuliko matusi yote ya uani. Angemlaani, angemtukana, angegeukia ukutani, Bushira angejua la kufanya.

"Nitaiuza," akasema haraka. "Kuko muntu wa Uvira anaitafutaka. Ao nitaiangusha mu ziwa, ifie kule."

"Apana."

"Nuhu, siwezi kuiona."

"Ukiiuza, utaniangalia kama muntu alikukosesha ile kintu. Hautasema, minakujua. Lakini itakuwa mule ndani ya macho yako, asubuhi na mangaribi. Mi sitaweza kuishi na hayo macho."

"Basi nitaibakisha."

Nuhu aliutazama mguu wake ulioinuliwa. Nje kichanga kilianza kulia, kikatulizwa.

"Nikiibakisha," Bushira akasema polepole, akianza kuelewa, "kila mara nitaiwasha, we utasikia daraja."

"Njo vile."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijue, Bushira. Ningekuwa najua ningekuambia."

Aliinama, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda. Maneno aliyoyabeba wiki tatu yakatoka yenyewe, yakiwa yamepangika kwa kurudiwa mara nyingi. "Nilikufundisha kuiwasha. Sikukufundisha kuisimamisha. Ijumaa tatu, Nuhu. Ijumaa tatu tulikuwa nyuma ya nyumba, ninakushikisha kile kishikio kidogo, bana, achia, piga. Na breki nikasema tutafundishana kiisha. Breki! Muntu gani anaanza kufundisha pikipiki na kuacha breki?"

"Mi njo niliomba turudilie kuwasha."

"We ulikuwa haujue."

"Nilikuwa najua." Mkono wake ulishuka juu ya mtandio wa Bushira, ukatulia pale. "Mi minaunda mashua. Unawaza injini ya silinda moja inaweza kunishinda Ijumaa tatu? Niliielewa siku ya kwanza. Nilijifanya muzito juu ya mukono yako ibaki juu ya yangu."

Bushira aliinua uso. Alitaka kulia na hakuweza. Alikuwa amejiambia siku zote kwamba kosa lilikuwa la pikipiki, kisha la kwake, na sasa aliona lilikuwa la zile Ijumaa tatu, tamu kuliko siku zote alizowahi kuishi, na kwamba angerudishiwa Ijumaa zile angezitumia vilevile.

"Funga mulango," Nuhu akasema.

Aliufunga. Aliporudi, uso wa Nuhu ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyesubiri kubaki peke yake na mmoja tu duniani.

"Batakata," akasema. "Hapa." Akaonyesha chini ya goti bila kugusa. "Daktari aliniambia juzi, wakati mama alienda kufua. Anasema nyama ilishakufa na inapanda. Kule Kigoma habataninyoosha. Batakata."

Bushira alishika kitanda. Ni mguu wa kushoto. Ule ambao ungekanyaga tu, siku ile, Nuhu angekuwa amesimama.

"Mama anajua?"

"Mama anajua batanyoosha. Na asijue. Uko unamujua ule muzee wa Swima anafungaka bantu mifupa na majani? Mama alishaongea naye. Alimuambia baada ya mwezi nitacheza mupira. Mama akisikia neno kukata, mi sipandi boti, nitapelekwa Swima. Na daktari anasema sina mwezi. Niko na siku."

"Nitapanda na we."

"Mama hatakubali. Na akikubali, njiani atakuuliza, na we haujuake kudanganya."

"Utarudi?"

Nuhu alitazama dirishani. "Kuko mujomba Kigoma, ana duka. Mama anasema nitakaa pale kidogo. Pengine nitakaa sana. Fundi wa mashua anasimamaka mu maji kutwa nzima, Bushira. Nitasimamia nini?" Akamgeukia. "Nikirudi hivyo, utaniangalia namna gani?"

"Na macho yangu yote mawili."

Hapo ndipo Nuhu alipolia. Alilia bila sauti, kinywa wazi, ili mama yake asisikie, na Bushira alimshika kichwa kifuani mwake akilia vilevile bila sauti, wote wawili wakitetemeka kama watu wanaocheka kwa siri.

*

Boti ilipofika ufukweni, wanaume wanne waliingia wakambeba Nuhu na godoro lake. Hakuna aliyewapa nafasi ya kuagana. Bushira alibaki amesimama katikati ya chumba, na alipogeuka kutoka alimkuta Mama Émilienne amesimama mlangoni, ameuziba kwa mwili wake mwembamba.

"Nifuate," akasema.

Alimpeleka jikoni, kibanda cha nyuma ambapo moto ulikuwa umezimwa. Aliutazama uso wa Bushira kwa muda mrefu.

"Umelia."

"Ndiyo, Mama."

"Nuhu ananificha kintu." Sauti yake haikuwa tena ile ya uani. "Mi nilimuzaa. Tangu juzi ananiitikia vizuri sana, anakula kila kintu minamupa. Na ule daktari haniangalie mu macho. Minakuuliza we, juu we anakuambiaka yote. Kule Kigoma batanyoosha muguu ya mutoto yangu?"

Bushira aliyatazama majivu ya moto uliozimwa.

"Uniambie tu," Mama Émilienne akaendelea. "Ukisema apana, sitakugombeza. Minamushusha sasa hivi, ninamupeleka Swima, boti ya baba yako irudi bure. Ukisema ndiyo, minapanda na roho ya muzuri. We njo nitaamini."

Kwa nini yeye? Mwanamke huyu hakumkubali kwa lolote tangu siku ya kwanza, si mavazi, si pikipiki, si mikono yake yenye oili, na leo katika watu wote amemchagua yeye wa kumwamini. Kupitia mlango wa kibanda Bushira aliwaona wale wanaume wanne wakiingia majini na godoro mabegani, taratibu, maji yakiwafika mapajani. Akisema kweli, Nuhu atarudishwa na atakufa Swima katika majani. Akidanganya, mama huyu atakaa nje ya chumba cha hospitali, katika mji usio wake, na mlango utafunguliwa, na ataelewa. Na atajua nani alijua.

"Batanyoosha, Mama," akasema.

"Sema tena."

"Batanyoosha."

Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka imara. Nuhu alikosea: alijua kudanganya. Alikuwa tu hajapata bado jambo la kudanganyia.

Uso wa Mama Émilienne ulilegea wote kwa mara moja, mashavu, mdomo, mabega. Akafungua mfuko wake wa safari akatoa viatu vipya vyeusi, kamba zake bado zimefungwa pamoja kama vilivyotoka dukani.

"Niliviona kwa duka Baraka," akasema, akivifuta vumbi lisilokuwepo. "Nilisema, atashuka navyo. Arlette alinicheka." Akavirudisha chini ya vitenge, akavikandamiza kwa kiganja. Kisha akakiweka kiganja hicho hicho kwenye shavu la Bushira. Kilikuwa kigumu na cha moto. "Mi nilikusemea mubaya. Mu kanisa, kwa majirani, fasi yote. Unisamehe. Siku Nuhu atashuka mu boti na miguu yake mbili, mi mwenyewe nitakushika mukono, nitakuingiza mu hii nyumba. Na ile makelele yako, uje nayo. Nitazoea."

"Ndiyo, Mama," Bushira akasema.

Ufukweni watu walikuwa wamejaa. Nuhu alilazwa chini ya turubai, kichwa kuelekea mbele, na macho yake yalikuwa yakitafuta kati ya watu. Yalipomkuta Bushira yakauliza. Bushira akaitikia kwa kichwa, mara moja. Nuhu akayafumba macho, na hakuyafumbua mpaka boti ilipoondoka.

Nahodha akavuta kamba ya injini. Boti ikageuka, ikaanza kuondoka, na Bushira akajikuta amesimama majini hadi magotini, kanga imelowa. Boti ilikuwa imeshakwenda mbali kidogo Mama Émilienne aliposimama, akishika bega la jirani asianguke, akainua mkono wake juu.

"Mukwe!" akapaza sauti kuishinda injini. "Mukwe yangu! Umusalimie baba yako!"

Wanawake wa ufukweni walisikia. Mmoja akapiga kigelegele, wengine wakadakia, na mtu akampiga Bushira mgongoni kwa furaha. Arlette alifika pembeni yake, mtoto mgongoni, anacheka na kulia pamoja.

"Umesikia?" akasema. "Umesikia namna amekuita?"

"Nimesikia," Bushira akasema.

Na kwa sababu yule mama alikuwa bado amesimama pale kwenye boti, bado ameinua mkono, akingoja, Bushira naye akainua wake, akampungia.